Ng'ombe Waliowekwa kwa Serikali

Mageni, baba yake Philomena, alikuwa mtu wa aina ile ambaye bendera ikipandishwa kituoni, hata akiwa shambani peke yake na jembe mkononi, husimama wima mpaka ifike juu. Majirani walimcheka hadi wakachoka. Alikuwa na mashati mawili: la kijani la Chama, na jingine ambalo rangi yake ilikwisha kusahaulika. Lile la kijani alilikunja akalilalia, lisije likapata makunyanzi. Ubalozi wa nyumba kumi aliupata wakati watu walipohamishiwa vijijini, na tangu hapo hakuna kaya katika zile kumi iliyothubutu kukosa choo, maana balozi alikuja kukagua asubuhi mapema, saa ambayo mtu hawezi kudanganya habari za choo.

Kwao ni upande wa Kolandoto. Alifuata malisho akielekea magharibi mpaka akaingia nchi ya Wasumbwa, mwendo wa nusu siku kutoka misheni ya Ushirombo, na huko akamwona Salvina akitwanga mtama, na safari ikaishia palepale. Alibatizwa kwa ajili yake. Kusoma alijifunzia ukubwani, katika darasa la watu wazima, na msimdharau: alifika mpaka akaweza kusoma maneno yote yaliyoandikwa kwenye mfuko wa saruji, juu na chini, na kuna watu wenye viatu ambao mpaka leo hawajafika hapo.

Saruji hiyo ndiyo iliyojenga kituo cha polisi. Matofali walifyatua wananchi, mchanga walibeba akina mama, na Serikali ikaleta kilichobaki. Siku ya kufunguliwa alikuja mgeni rasmi, mtu mnene mwenye miwani, akasema Serikali imetenga fungu nono kwa ajili ya usalama wa raia na haki, fungu ambalo halijapata kutengwa tangu Uhuru. Akataja: mabati, chokaa, mlingoti, karabai, pingu, sare, na chakula cha mahabusu, kwa kuwa hata mshitakiwa ni binadamu. Nyuma yake Landrova ilikuwa inang'aa kama ng'ombe aliyepakwa siagi. Watu walipiga makofi wakilitazama lile gari. Mageni alipiga mpaka viganja vikamuuma. Jioni Landrova ikaondoka na mgeni wake, ikaacha vumbi, na kumbe vumbi ndilo lililokuwa fungu la kituo.

Basi Mageni alikuwa na kundi dogo la ng'ombe, na ng'ombe hao hawakuwa wa kuchezea. Walikuja kwa mahari ya Philomena, na walikuwa wanangoja kuondoka kwa mahari ya mdogo wake, Donatus. Ndivyo ilivyo: dada huolewa, kaka huoa. Donatus alikuwa amempenda Apolonia, binti wa katekista Telesphori, na Apolonia naye alikuwa amempenda, jambo ambalo lilijulikana kijiji kizima kwa sababu alikuwa anapita njia ndefu kwenda kisimani. Katekista alikubali. Kilichobaki ni mavuno yaishe, ng'ombe waswagwe, watu wanywe pombe. Mbele ya kundi alitembea jike mweusi mwenye baka jeupe shingoni, ambaye hakukubali kutanguliwa na yeyote hata kwenye maji. Salvina alimwita Mwenyekiti.

Kabla mavuno hayajaisha, asubuhi moja zizi lilikutwa wazi.

Ulipigwa mwano. Mwano ni ule ukunga wa hatari, na mwanamume yeyote anayeusikia hutoka na upinde wake hata kama yuko katikati ya chakula. Asiyetoka, siku ya kwake hatatokewa. Walitoka. Walifuata nyayo siku nzima, wakalala porini, na kesho yake mchana wakawakuta ng'ombe katika kichaka upande wa kwenda Geita, wote, wakicheua kwa starehe kwenye majani marefu. Aliyekuwa nao ni mtu mmoja tu, mwembamba, miguu mirefu, jina lake Januari. Hakukimbia. Alikaa chini akaweka mikono kichwani.

Otmar, jirani wa karibu kabisa wa Mageni, mtu mwenye mikono kama michi, alikuwa amekwisha kuchagua fimbo.

"Baba Philo," alisema, "wewe swaga ng'ombe wako uende nyumbani. Usigeuke nyuma. Huyu tuachie sisi."

"Atapelekwa kituoni," Mageni alisema.

"Kituoni kuna nini?"

"Kuna Serikali. Mlifyatua matofali ya nini? Ya kuanikia mtama?"

Wengine walicheka, na kicheko ndicho kilichomwokoa Januari. Fimbo haipigi vizuri baada ya watu kucheka. Otmar aliitupa, akatema mate.

"Haya. Mpeleke mwizi wako. Ng'ombe wapeleke nyumbani."

"Ng'ombe nao wataenda kituoni. Polisi atasema mtu huyu kaiba nini, kama hana cha kuonyesha?"

Sasa hapa inabidi msikilize vizuri, maana hapa ndipo mtu mzima alipojikata mguu kwa shoka lake mwenyewe. Kwao Usukumani mwenye ng'ombe hawaweki wote zizini mwake. Wengine huwapeleka kwa rafiki anayemwamini, na jambo hilo huitwa kubilisa. Rafiki hukamua maziwa, hutumia samadi, na ng'ombe hubaki mali ya mwenyewe. Ng'ombe akifa, mlezi huleta ngozi na paja, ili mwenyewe aone kwa macho kwamba hakuuzwa. Siku ya kurudishiwana, mlezi mwema hupewa ndama. Mkataba wenyewe ni kushikana mikono tu, na haujawahi kuhitaji muhuri. Mageni, alipokuwa anawaswaga ng'ombe wake kuingia katika ua wa kituo, hilo ndilo lililokuwa kichwani mwake: kwamba anabilisa kwa Serikali. Alikuwa hajapata rafiki mkubwa kiasi hicho, na njiani alianza hata kufikiri ni ndama gani atakayempa.

Askari wa kituo alikuwa mmoja, Koplo Leodgar, Mfipa mpole mwenye sauti ya kanisani. Alitoka akafunga vifungo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nimekuletea mwizi na ng'ombe."

Koplo alimtazama Januari, akatazama ng'ombe, akatazama ua wake, ambao ulikuwa mtupu, umefagiliwa, hauna hata unyasi. Kitu kama huzuni kilimpita usoni.

"Hawa wote ni kidhibiti," alisema.

Mageni alilipenda lile neno. Alilirudia njiani akirudi. Nyumbani alimwambia Salvina: "Ng'ombe wetu ni kidhibiti sasa," kama mtu anayesema mwanawe kachaguliwa kwenda seminari.

"Na lini watarudi?" Salvina aliuliza.

"Kesi ikisikilizwa."

"Na Donatus?"

"Donatus atangoja. Anangojewa na msichana, hangojewi na treni."

*

Kesi ilikuwa isikilizwe wilayani, kwa hakimu. Wilayani ni mbali, na Landrova ya wilaya haikuwa na petroli. Miaka ile, mnaokumbuka mnakumbuka: vita vilikuwa vimekwisha na kila kitu nacho kimekwisha. Sabuni hakuna, sukari hakuna, petroli ilikuwa kama maji ya baraka, ukiiona unajipaka. Koplo Leodgar alipiga simu ya upepo, akaambiwa asubiri gari. Alisubiri. Gari halikuja mavuno, halikuja baada ya mavuno, na nyasi zikaanza kuwa za rangi ya simba.

Siku Mageni alipokwenda kuwasalimu ng'ombe wake, aliwakuta wamefungwa kwenye nguzo za ua, wanalamba chokaa ya ukutani.

"Afande, hawa wamekula nini?"

"Mzee wangu, keti." Koplo alimvutia kigoda. "Nimeuliza wilayani. Lipo fungu la karabai. Lipo la sare. Lipo la chakula cha mahabusu, ugali na maharage, mara mbili kwa siku. Fungu la majani halipo."

"Yaani mwizi ana fungu."

"Mwizi ana fungu."

"Na aliyeibwa hana."

"Ng'ombe ndiye hana, mzee. Wewe hukuulizwa."

Kutoka dirisha dogo la mahabusu Januari alikuwa anasikiliza. Alikuwa ameanza kupata mashavu.

"Basi nipe niwapeleke nyumbani nikawalishe," Mageni alisema. "Siku ya kesi nitawaleta."

"Nikikupa kidhibiti, nafungwa mimi. Nina watoto Sumbawanga."

Mageni alikuwa na ngitili, sehemu ya malisho iliyozungushiwa miiba ambayo mwenyewe huifunga masika ili ng'ombe wapate cha kula kiangazi. Basi kiangazi kile mtu na mwanawe walikata majani ya ngitili wakayafunga matita, wakayabeba kichwani mpaka kituoni, kulisha ng'ombe wao wenyewe katika mikono ya rafiki yao. Otmar akiwaona barabarani alivua kofia.

"Shikamoo kidhibiti," alisema.

Kichwa cha mtu si lori. Majani waliyobeba yaliliwa kabla jasho halijakauka. Mwishowe Koplo, ambaye roho yake haikuwa mbaya hata kidogo, na ubaya wa habari hii ni huo, alipata akili. Alikuwa na ng'ombe wasio na mchungaji, na alikuwa na mtu anayekula ugali wa Serikali bila kazi. Siku iliyofuata Mageni alimkuta Januari bondeni, fimbo mabegani, anapiga mluzi, na ng'ombe wanamfuata. Mwenyekiti mbele.

Mageni alisimama. Hakujua acheke au alie, akafanya lile la tatu, akakaa chini.

"Shikamoo mzee," Januari alisema.

"Wewe si uliwaiba hawa?"

"Niliwaiba. Sasa nawachunga. Huyu mwekundu jicho linamwuma, nimelikamulia maziwa ya mti. Huyu mweusi ni mkorofi, lakini ana akili kuliko afande."

"Ukitoroka nao?"

"Niende nao wapi, na mbavu zao zinahesabika? Ng'ombe wa kuiba hutembea usiku kucha, mzee. Hawa hawafiki mtoni."

Ilikuwa kweli. Bonde lilikuwa limelika mpaka mizizi. Wa kwanza kufa alikuwa yule mwekundu. Mageni alipata habari. Ng'ombe hufa, hata kwa mlezi mwema. Alikwenda kituoni kupokea ngozi na paja, kama ilivyo desturi. Ngozi ilikuwa imewambwa ukutani.

"Ngozi ni kidhibiti," Koplo alisema, na safari hii hakumtazama usoni.

"Na nyama?"

"Nyama inaoza, mzee. Haiwezi kutunzwa. Imeliwa na mahabusu. Na mimi."

Mageni alishika ukingo wa ile ngozi, akapima unene wake kwa vidole viwili, kama mtu anayenunua kitambaa. Kwao mlezi anayekataa kutoa ngozi ni mwizi, hakuna jina jingine. Lakini mlezi huyu alikuwa na bendera. Alirudi nyumbani, na Salvina alimwona mikono mitupu. Aliongeza maji kwenye mboga.

Wakafa wengine, mmoja baada ya mmoja, na ukuta wa kituo ukajaa ngozi mpaka chokaa haikuonekana. Siku moja katekista Telesphori alikuja baada ya misa, akaketi, akakataa uji.

"Baba Philomena," alisema, "sikuji kudai."

"Najua."

"Binti hukaa, lakini hakai kama jiwe. Kuna watu wa Ushirombo wamekuja. Wana ng'ombe wanaotembea."

"Wangu nao wapo. Wapo kwa Serikali."

"Najua," katekista alisema kwa upole, na upole huo ulimwumiza Mageni kuliko tusi. Wiki zile Apolonia akaanza kupita njia fupi kwenda kisimani. Donatus alikaa siku chache, kisha akakunja blanketi lake.

"Nakwenda Geita," alimwambia baba yake. "Nasikia Kalangalala watu wanapata dhahabu."

"Kesi itasikilizwa, mwanangu. Kila kitu kinakwenda kwa taratibu."

"Baba, Mwenyekiti ana hakimu wake wa kungoja. Mimi sina."

Akaondoka. Salvina alimsindikiza mpaka njia panda, akarudi akakoka moto, akaupuliza muda mrefu kuliko moto ulivyohitaji.

*

Amri ilikuja mwanzoni mwa mvua: kesi itasikilizwa, mshitakiwa aletwe, kidhibiti kiletwe. Gari la kuwaleta halikutajwa. Koplo Leodgar alimwita balozi.

"Mimi siwezi kukiacha kituo, niko peke yangu. Wewe ni balozi, nawe ni Serikali. Utampeleka mtu wako na ng'ombe."

"Pingu?"

"Pingu ni moja tu. Nikikupa, siku nikikamata mtu nitamfunga na nini?"

Basi wakafungana kwa kamba ya ng'ombe, mkono wa kushoto wa Mageni na wa kulia wa Januari, wakaanza safari na ng'ombe waliobaki na furushi la ngozi. Kabla hawajafika Ushirombo walikuwa wamekwisha kufunguana. Kundi lililodhoofika linahitaji mtu mbele na mtu nyuma, na watu wawili waliofungwa pamoja hawawezi kuwa mbele na nyuma. Walilala kwenye vibaraza vya watu. Walikula matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, ambavyo Salvina alivifunga kwa watu wawili bila kuambiwa. Mvua ya kwanza iliwanyeshea, na ng'ombe wenye njaa wakala majani mabichi kwa pupa, wakaharisha, wakaanguka njiani. Mwenyekiti aliangukia kwenye daraja dogo, magoti ya mbele kwanza, kama mtu anayeingia kanisani. Walimchuna wote wawili, kila mmoja akijua kisu cha mwenzake kinakwenda wapi.

Kilichofika wilayani ni ndama jike mmoja na ngozi.

Hakimu alikuwa kijana mwenye kikohozi. Aliuliza askari aliyemkamata mshitakiwa yuko wapi. Akajibiwa hana usafiri. Akauliza mashahidi wengine. Mwendesha mashtaka akasema hakuna nauli ya mashahidi, fungu hilo limekwisha tangu mwezi wa tatu. Hakimu alivua miwani, akafuta.

"Mzee," alimwambia Mageni, "wewe unaweza kusema aliiba. Lakini hukumwona akifungua zizi lako. Na mtu huyu amekaa ndani muda mrefu kuliko ambavyo naweza kueleza. Namwachia huru. Kidhibiti kirudishwe kwa mwenyewe."

"Mheshimiwa," Mageni alisema, na alikuwa amevaa lile shati la kijani, "kidhibiti ndicho hicho."

Hakimu alichungulia dirishani. Ndama alikuwa amelala kwenye matope, kichwa kwenye furushi la ngozi.

"Pole, mzee," alisema. Na alimaanisha. Wote walikuwa wanamaanisha.

Januari ndiye aliyemsaidia kumrudisha ndama, maana njia ilikuwa moja. Kwenye njia panda ya Ushirombo waligawana matobolwa ya mwisho. Januari alisita, akasema jambo ambalo pengine alikuwa amelibeba njia nzima.

"Wangekaa kwangu, mzee, wangekuwa hai. Siku ile nilikuwa nawapeleka kwenye majani."

Mageni alizungusha kamba ya ndama mkononi. Alimwambia kwaheri.

Kuanzia hapo, bendera ilipopandishwa, Mageni aliendelea kulima. Shati la kijani Salvina alilikuta limetundikwa nje kwenye mti, linanyeshewa. Aliliingiza ndani, kesho yake akalikuta palepale. Kutoka kwa Donatus hazikuja salamu. Mtu mmoja aliyetoka Geita alisema alimwona ameingia shimoni. Mwingine alisema alimwona ametoka. Na hawakukubaliana ni shimo gani.

*

Mwaka uliofuata, wakati mtama umefika kiunoni, ulipigwa mwano kwa Otmar.

Mageni alitoka. Miguu ilitoka yenyewe, na upinde ulikuwa mkononi kabla hajafikiri. Miezi ile watu wa vijiji vyote walikuwa wamekwisha kuungana katika sungusungu, wana filimbi na viongozi wao, na kituo walikuwa hawakitaji tena, kana kwamba pale pamesimama mti uliokauka. Nyayo hazikuwa ndefu. Kabla ya saa sita walimkuta mtu katika kichaka cha karibu, upande uleule wa Geita, na ng'ombe wa Otmar wanakula. Hakukimbia. Aliweka mikono kichwani. Mashavu yale ya ugali wa Serikali yalikuwa yamekwisha.

Duara lilifungwa. Otmar alikuwa na fimbo, na safari hii aliichagua taratibu, lakini alikuwa mtu wa heshima na desturi, kwa hiyo aligeuka.

"Balozi," alisema. "Mwaka ule ulisema. Sema na leo. Kituoni, au hapahapa?"

Watu wote walimtazama Mageni. Januari naye aliinua uso, akamwona.

"Shikamoo mzee," alisema.

"Marahaba."

Ilikuwa salamu tu, ilitoka kama pumzi. Baada yake kulikuwa na nafasi, kubwa ya kutosha, na Mageni alifungua mdomo. Neno lenyewe alilijua, alilisema siku nyingine bila hata kufikiri, tena akawachekesha. Lakini nyuma ya neno aliona ua uliofagiliwa. Aliona ng'ombe wa Otmar wanalamba chokaa, na mabinti wa Otmar, na wavulana wake, na Otmar akipita barabarani na tita la majani kichwani. Aliona hakimu anafuta miwani. Aliyatazama haya yote kwa muda, mdomo ukiwa wazi, na watu wakingoja, na hakuna aliyecheka.

Akaufunga.

"Balozi hana neno," Otmar alisema.

Mageni alitazama ng'ombe. Walikuwa wanakula bila wasiwasi, kama ng'ombe walio katika mikono mizuri. Aliendelea kuwatazama mpaka sauti zikaisha.

Watu walitawanyika upesi kuliko walivyokuja. Aliyebaki ni yeye. Alikwenda nyumbani, akaingia, akatoka na ngozi nyeusi yenye baka jeupe upande wa shingo.

"Unakwenda nayo wapi, Baba Philomena?" Salvina aliuliza.

"Kuna mtu hana blanketi."

Kwao, mzee wa mji anapokufa hufungwa katika ngozi ya ng'ombe. Wezi hawafungwi. Mageni alimnyoosha Januari miguu ile mirefu, akamfunika kwa ngozi ya Mwenyekiti mpaka kidevuni, kisha akafikiri, akamfunika na uso. Akakaa kando akifukuza nzi kwa tawi, akingoja watu waje na majembe. Hawakuja.

Aliyekuja ni Landrova.

Ilikuja inanguruma, imejaa petroli, inang'aa kama siku ile ya makofi. Akashuka ofisa, wakashuka askari wengi, na mwisho akashuka Koplo Leodgar. Kwa mtu aliyeuawa fungu lilikuwepo. Ofisa aliuliza nani balozi wa eneo hili.

"Ni mimi."

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ukafanya nini?"

"Niliulizwa. Sikujibu."

Ofisa akasema apande. Koplo Leodgar aliinama, akaifunua ngozi polepole, akaikunja upande wa manyoya ndani. Alilitambua lile baka jeupe.

"Mzee wangu," alisema chini chini, "hii nayo inabidi niichukue. Ni kidhibiti."

"Najua," Mageni alisema. "Chukua."

Gari lilikuwa dogo kwa watu wote wale, kwa hiyo ngozi iliwekwa sakafuni na Mageni akaambiwa aikalie. Salvina alikuja mbio mpaka barabarani, na yule ndama jike, ambaye sasa alikuwa ng'ombe kamili, alikuwa amemfuata nyuma. Walisimama wote wawili vumbini wakitazama. Salvina hakuita, wala Mageni hakupunga mkono, kwa sababu mkono ulikuwa ndani ya ile pingu moja.

Jioni, kituoni, Koplo alifungua mlango wa mahabusu, akaweka sahani chini. Ugali na maharage, moshi unatoka.

"Kula, mzee," alisema. "Hiki kipo kwenye fungu."

Mageni alikuwa hajala tangu jana. Aliitazama sahani, kisha akalitazama lile dirisha dogo ambalo Januari alikuwa akisikilizia. Nje, kwenye ukuta uleule, ngozi ya Mwenyekiti ilikuwa imetundikwa mahali pa zile nyingine. Akanawa mkono mmoja, akamega tonge, akala.